Duka la Miwani Lapiga Mbizi

Saa mbili kasoro robo asubuhi Fundi Miwani alikuwa akifuta vumbi kwenye fremu za dirishani, moja baada ya nyingine, kwa kitambaa cha flana ambacho hakikuruhusiwa kugusa kitu kingine chochote hapa duniani. Duka lake lilikuwa na upana wa hatua tano na urefu wa hatua nane. Ukutani palitundikwa ubao wa herufi za kupimia macho, kubwa juu, ndogo chini, na ya mwisho kabisa ilikuwa doa la nzi ambalo wateja wengi walilisoma kama herufi O. Juu ya meza ya kazi palikuwa na mashine ya kusagia lenzi, na kando yake kompyuta kuukuu aliyoipata mgahawa wa intaneti wa jirani ulipofungwa. Aliichukua ili iandike risiti. Ilikataa kuandika risiti. Kilichokuwemo ndani yake ni mchezo mmoja tu, mchezo wa nyambizi, na hakuna aliyejua kuufuta.

Fundi alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, mnene kidogo, mwepesi wa mikono, na hakujua kuogelea. Kwa miezi saba, kila mchana, alikula chakula chake kwa mkono wa kulia na kuzamisha meli kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni alizamishwa yeye. Meli za mizigo katika mchezo ule hazitembei peke yake. Zinasindikizwa na meli ndogo za kivita, zenye masikio makali na hasira za karibu, na zikikusikia zinakumwagia mabomu mpaka kioo cha kompyuta kinakuwa cheusi. Kidogo kidogo akajifunza. Akajua kuzima injini na kuelea kama jani. Akajua kuinua periskopu, bomba la kuchungulia juu ya maji, kwa sekunde tano tu na kuishusha. Akajua kwamba meli ya kusindikiza haisikii kilicho nyuma yake, kwa sababu ya kelele za rafadha yake mwenyewe inayoisukuma, na kwamba pahali salama kuliko pote baharini ni kisogoni kwa adui.

"Wewe ungekuwa mwanamume ungeshakuwa jenerali," dada yake alimwambia siku moja.

"Ningekuwa mwanamume ningekuwa nimelala saa hizi."

Dada yake huyo, aliyemzidi miaka tisa, watu walimwita Opereta. Alikaa miaka thelathini na moja kwenye ubao wa simu, akiunganisha waliopendana na waliochukiana, na masikio yake yalistaafu yakiwa mazima. Aliweza kusikia mtu akibadili nia upande wa pili wa ukuta. Figo ndizo hazikustaafu vizuri. Mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa tatu kamili, alitakiwa kuwa kitandani hospitalini, damu yake ikitoka kwa mrija mmoja, ikisafishwa na mashine, na kurudi kwa mrija mwingine. Ukichelewa nusu saa, mashine inapewa mwingine na wewe unarudi nyumbani na maji yako mwilini. Ndivyo ilivyoandikwa mlangoni, kwa wino mwekundu.

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, mkabala na duka kabisa. Ni hatua mia moja na kumi, ukihesabu na zile za ngazi. Tabu ilikuwa barabara.

Kila siku kuanzia saa mbili, saa ile ile geti la hospitali lilipofunguliwa, barabara ilifungwa ili msafara wa Mheshimiwa upite. Askari walivuta kamba pande zote mbili, na hakuna aliyevuka, si mtu, si baiskeli, si kuku. Msafara ulipita saa mbili na dakika kumi, au saa tatu na nusu, au katikati hapo, kwa kadiri ulivyojisikia. Ulikuwa na pikipiki nne za ving'ora, magari mawili ya askari, na magari meusi saba, lile la katikati refu kuliko mengine, lenye mapazia. Mheshimiwa alikuwa nani na alifanya nini, watu walikuwa wameacha kuulizana. Walisimama nyuma ya kamba, wakautazama ukipita, wakaendelea na walipoishia.

Jumanne ile Opereta alikuwa amekwisha kukosa zamu mbili mfululizo. Viatu vilikuwa havifungi. Aliingia dukani akitembea kama anayekanyaga mito ya kulalia.

"Keti, dada. Miguu imevimba."

"Nikiketi ndiyo itapungua?"

Aliketi hata hivyo. Nje kamba ilikuwa imekwisha kuvutwa. Fundi alitoka, akamwomba askari, akamwonyesha kadi ya hospitali. Askari aliisoma pande zote mbili kwa heshima, akairudisha, akasema mama, hata mimi nina mke wangu upande wa pili. Fundi akarudi ndani. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na tano. Mikono yake ilihitaji cha kufanya, la sivyo ingemchapa askari, kwa hiyo akaiweka kwenye kompyuta. Kwenye mchezo alikuwa ameachwa pabaya tangu jana, meli mbili za kusindikiza zikimjia puani. Akabonyeza kitufe cha kupiga mbizi.

Duka likainamisha kichwa upande wa barabarani, kama mtu mrefu anayepita mlango mfupi, na kuzama.

Lilizama bila haraka. Fremu ziligongana kwenye rafu kama vijiko. Droo ya skrubu ikafunguka na Fundi akaifunga kwa goti. Nje ya dirisha ilipita kwanza lami, unene wa kiganja, kisha kokoto, kisha bomba la maji ambalo halikuwa na maji, kisha pakawa ukijani mtupu. Chini ya barabara palikuwa na bahari. Haikuwa kubwa sana, lakini kina chake kilitosha.

"Dirisha la nyuma umelifunga?" Opereta akauliza.

"Nimelifunga."

"Basi sawa." Akayatazama maji kwa muda. "Maji yote haya, na mimi naruhusiwa glasi mbili kwa siku."

Mshonaji wa duka la jirani alihisi ukuta wake umekuwa wa baridi ghafla. Akavaa sweta, akaendelea kushona.

Fundi alishika usukani, ambao ulikuwa mpini wa mashine ya kusagia lenzi. Alimpa dada yake visikilizio vya kompyuta, na Opereta akavivaa kwa namna ya mtu aliyerudishiwa pete yake. Akafumba macho.

"Pikipiki nne zinakuja kutoka kushoto," akasema. "Moja ina mnyororo mlegevu. Magari mazito mawili. Halafu mengi mengi. Simama kidogo."

Fundi akasimamisha duka. Juu yao msafara ulipita ukinguruma, na vumbi la baharini likashuka kutoka darini. Herufi za ubao zikatikisika. Kisha kelele ikaenda zake.

"Endelea, laini iko wazi," alisema Opereta.

Waliibuka kwenye uwanja wa hospitali, baina ya gari la wagonjwa na kibanda cha mlinzi, duka likichuruzika maji pembe zote nne. Mlinzi alitoka na daftari lake.

"Mama, hapa ni pa magari ya wagonjwa."

"Ninaye mgonjwa."

Mlinzi akachungulia ndani, akamwona Opereta, akamsalimu shikamoo. "Haya. Lakini msiegeshe kwa kuziba."

Saa tatu kasoro dakika tano Opereta alikuwa kitandani na mirija yake. Fundi alikaa dukani kumsubiri, na kwa vile alikuwepo na duka lilikuwepo, wauguzi sita walipimwa macho na daktari mmoja aligundulika kwamba kwa miaka mingi haoni mbali.

Basi ikawa hivyo. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, saa mbili na robo, duka lilipiga mbizi. Dada wawili walianza kuingoja siku ya zamu kama watoto wanavyongoja likizo. Fundi alitengeneza periskopu kwa bomba la bati, vioo viwili na lenzi nne alizozisaga mwenyewe, na lilipochomoza kwenye lami watu walidhani ni bomba la maji machafu wakalizunguka. Opereta alijifunza kutambua magari kwa pumzi zake. Walikuwa wakicheka mpaka mbavu zinauma, bila sauti, maana kule chini kucheka kwa sauti kulikuwa marufuku. Wakikumbuka wenyewe ni watu wa umri gani, walicheka zaidi.

Wiki ya tatu wakampata baharia mwingine. Kitanda cha jirani na Opereta hospitalini kilikuwa cha Mwalimu wa Hesabu, mstaafu, mrefu, mkavu kama chaki, na Opereta alikikuta kitupu mara mbili. Mara ya tatu Mwalimu alikuja na uso umejaa kama maandazi.

"Kamba?" Opereta akamuuliza.

"Kamba," alijibu Mwalimu. "Nimeikuta kila siku. Nimefanya hesabu: nikitoka nyumbani jana yake nafika kwa wakati."

Kumbe alikaa mtaa wa nyuma ya duka. Alhamisi iliyofuata alipanda akiwa na daftari la miraba, kalamu ya risasi na kifutio, akaketi chini ya ubao wa herufi, na tangu hapo hakuna kona iliyokatwa bila kupimwa.

Aliyewagundua ni Afande wa pikipiki ya kwanza. Alikuwa mtu makini. Aliona kwamba siku tatu za wiki, kati ya duka la mshonaji na la viatu, palikuwa na mstatili wa udongo mbichi na paka amekaa katikati. Aliandika kwenye kitabu chake: *Duka moja, halipo.* Siku ya pili yake pikipiki zote nne zilifungwa tarumbeta ya bati chini ya injini, mdomo umeelekezwa lamini, na nyuma ya kila askari akapandishwa askari mwingine wa kusikiliza. Pembeni zilining'inia mapipa.

"Wametusikia," Opereta alisema Jumanne iliyofuata. "Pikipiki moja imepunguza mwendo. Inageuka."

"Zima feni," Fundi akanong'ona. "Mwalimu, usiguse kifutio."

Duka likaelea kimya. Pikipiki ikapita juu yao polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Kisha pipa moja likaanguka. Lilitoboa lami, likashuka likizunguka, likapasuka upande wa kulia kwa kishindo kilichowarushia sanduku zima la vikasha vya miwani vichwani. La pili likapasuka nyuma. La tatu likapasuka mbali.

Hivyo ndivyo ilivyojulikana mashimo ya barabara ile yalikuwa yakitoka wapi. Manispaa ilikuwa ikisema ni mvua. Na kwa kuwa mengine yalikuwa ya zamani sana, Mwalimu alikisia kwamba wao hawakuwa wa kwanza kupita chini.

"Ukiyavulia nguo maji sharti uyaoge," alisema Opereta, akijipangusa vumbi.

"Tumevaa nguo, dada."

"Ndiyo maana tumeloa."

Fundi alifanya kile alichojifunza kwa mkono wa kushoto miezi saba. Hakukimbia. Alilielekeza duka moja kwa moja chini ya pikipiki iliyokuwa ikiwawinda, akapita tumboni mwake, akatokea nyuma yake, na kubaki pale pale, kisogoni. King'ora kilikuwa kikilia kwa nguvu zote, na askari wa tarumbeta alisikia king'ora na hakusikia kingine. Waliifuata hivyo mpaka katikati ya barabara, wamejiegemeza kwenye kelele zake, kisha wakakata kushoto wakaibuka mbele ya mlinzi. Mwalimu alitoka amekumbatia daftari, akicheka kama mwanafunzi aliyetoroka kipindi.

"Tunarudi vile vile?" akauliza.

"Vile vile."

"Vizuri sana," alisema Mwalimu, na kujipangusa machozi.

Lakini Alhamisi haikuwa na kicheko. Opereta aliamka na kifua kizito. Maji ya siku alizokosa yalikuwa hayajaisha yote, na yalikuwa yamepanda mapafuni. Walipokuwa nusu ya njia, pikipiki juu yao, injini zimezimwa, kikohozi kikamjia. Alikizuia mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Fundi alimpa kitambaa cha flana, akajizibia mdomo, na hata hivyo kikatoka, kikohozi kimoja, kidogo, cha mtu mwenye adabu.

Mapipa kumi na manne yaliwamiminikia. Duka lililala kwenye sakafu ya bahari, ubavu mmoja juu, taa imezimika, na maji yakiingia kwa tundu la msumari uliong'oka chini ya kioo cha mteja. Walikaa hivyo saa moja na nusu. Mwalimu aliandika kwenye daftari *unapumua?* akamwonyesha Opereta, na Opereta akachukua kalamu akaandika *kidogo.* Fundi alikuwa amemshika dada yake mkono na kuhesabu mapigo yake, si dakika.

Walipoibuka ilikuwa saa tatu na dakika hamsini. Muuguzi wa zamu alisimama mlangoni, na hakuwa mtu mbaya.

"Mashine zimeshapata watu, mama. Mwalimu, na wewe pia. Njooni Jumamosi, mwahi."

"Tulikuwa chini ya barabara," Fundi alisema.

"Najua. Hata sisi vikombe vilikuwa vinatikisika."

Hadi Jumamosi Opereta alilala amekaa, mito mitatu mgongoni. Alipofika dukani asubuhi hiyo hakusalimia. Alivaa visikilizio, akavipanga vizuri juu ya masikio, ndipo akasema:

"Mdogo wangu. Kwenye huo mchezo wako, si huwa kuna topido?"

"Zipo."

"Na humu?"

Fundi alikuwa akijua tangu siku ya kwanza. Chini ya meza ya kazi, mahali alipokuwa akiweka mitungi ya unga wa kusugulia lenzi, palikuwa na topido mbili, yale mabomu ya kusafiri majini, za kijivu, safi, urefu wa mtoto wa darasa la tatu. Alizifunika kwa gazeti. Yeye alitaka kuvuka tu. Hakutaka kumgusa mtu.

"Mbili," alisema. "Lakini, dada, kuna mtu ndani ya lile gari."

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Nimelisikiliza wiki tano. Gari la katikati lina dereva. Anapiga miluzi, ana jino bovu. Nyuma yake hakuna mtu."

"Labda ni mwembamba," Mwalimu alisema.

"Miaka thelathini na moja nimesikiliza watu walionyamaza," alisema Opereta. "Mtu akinyamaza, anasikika amenyamaza. Pale hakuna anayenyamaza."

Wakatazamana. Fundi akaliondoa gazeti.

"Nitalenga gurudumu la nyuma," akasema. "Dereva ataloa. Atanisamehe."

Duka lilipokwisha kuzama, Mwalimu aliona ustaafu wake umekwisha. Alilamba ncha ya kalamu. Akataka kujua umbali wa nguzo moja ya taa hadi nyingine: hatua thelathini. Akataka kujua gari linachukua muda gani kutoka hii hadi hii. Fundi aliinua periskopu, akahesabu, akaishusha: sekunde nne. Akataka mwendo wa topido, upana wa barabara, pembe ya duka. Aliandika kila hatua kwa mstari wake, herufi zimepangwa, alama ya usawa chini ya alama ya usawa.

"Mwalimu, wanakuja!" Fundi alinong'ona. "Nipe jibu tu."

"Jibu bila njia halina alama," alisema Mwalimu, akaipigia mstari namba ya mwisho mara mbili. "Nyuzi kumi na saba, kulia. Subiri pikipiki ya pili ipite."

"Imepita," alisema Opereta.

Fundi alibonyeza. Topido ya kwanza ikatoka chini ya meza kwa mlio wa soda inayofunguliwa, ikapita mlangoni, ikaacha mstari mweupe wa mapovu chini ya lami yote. Ilipita sentimita chache mbele ya gari refu, ikapanda ukingo wa barabara na kujichomeka kwenye ukuta wa posta, ambako ipo mpaka leo na watu huitundikia matangazo ya vitu vilivyopotea.

"Umesahau kutoa moja," Fundi alisema.

Mwalimu aliitazama kazi yake. Akafuta. "Nimesahau kutoa moja," alikiri. "Nyuzi kumi na sita."

Ya pili ililipata gurudumu la nyuma la gari la katikati. Barabara iliinuka mahali pale kama shuka linalokung'utwa, maji yakaruka mpaka ghorofa ya tatu, na waliokuwa nyuma ya kamba wakaoga wote, wengine kwa mara ya kwanza tangu mabomba ya mtaa yakauke. Gari likalala ubavu. Milango minne ikafunguka. Akatoka dereva peke yake, ameloa, anapiga miluzi bado kwa sababu alikuwa hajaambiwa aache.

Kwenye mlango wa nyuma hakutoka mtu. Ilitoka hanga, na kwenye hanga palikuwa na koti. Lilikuwa koti jeusi, zuri, la vifungo viwili, na mkono wa kushoto umechanika begani.

Kwenye periskopu Fundi aliona yote. Aliona Afande akishuka kwenye pikipiki, akivua glavu, akaliokota koti, akalikung'uta, akalipigia saluti. Opereta alisikia yote.

"Mheshimiwa alihamia ng'ambo mwaka juzi," dereva alikuwa akiwaeleza watu waliokuwa karibu, bila kuficha. "Alituachia koti. Asubuhi nalipeleka ofisini, jioni nalirudisha."

"Kumbe ni koti," alisema mwanamke mmoja nyuma ya kamba, akijikamua gauni.

"Ndiyo."

"Lakini ni koti zuri."

"Hilo ni kweli," alisema dereva. "Halina maneno mengi."

Watu wakaliangalia zaidi kidogo. Kisha koti likapandishwa gari la nyuma yake, likafungwa mkanda, msafara ukaondoka, na kamba ikabaki imevutwa mpaka saa nne, kwa usalama. Opereta na Mwalimu walifika kwenye mashine dakika ishirini kabla ya wakati. Fundi aliwanunulia wauguzi wote soda. Kwa saa nne nzima, damu ikizunguka, wale wawili walisimuliana kutoka kitanda hadi kitanda kila kitu walichofanya pamoja, na kila mmoja alikuwa na toleo lake, na topido ilikuwa ikikua kila iliposimuliwa.

Walidhani kuanzia Jumanne wangevuka kwa miguu. Opereta aliweka hata tayari viatu vyake vya kufunga.

Jumanne kamba ilivutwa saa moja badala ya saa mbili. Pikipiki zilikuwa nane. Walipiga mbizi kama kawaida, wakafika kama kawaida, na chumba cha mashine walikikuta kimefungwa, askari wawili mlangoni.

"Kuna nini?" Fundi alimuuliza muuguzi.

"Koti linatibiwa."

"Kwenye mashine za figo?"

"Ndicho chumba pekee chenye kiyoyozi." Muuguzi alishusha sauti. "Mkono wa kushoto. Wamemleta fundi cherehani, yule jirani yako, na daktari mkuu yumo anaangalia. Nami nimeambiwa nilipime presha."

"Ukalipima?"

"Nimeandika kawaida."

Waliketi kwenye benchi la korido, watatu, na wagonjwa wengine wanane waliokuwa wamelala hospitalini jana yake ili wasikutane na kamba. Saa zilipita. Opereta alisikia kupitia mlango sindano ikipenya kitambaa, mishono arobaini na miwili, na akasema mshonaji ana mkono mwepesi, amshukuru Mungu. Saa sita koti likatoka kwenye kiti cha magurudumu. Askari wakapiga saluti, na mgonjwa mmoja mzee akainuka nusu, kwa mazoea, akaketi tena. Ndipo wakaingia wao. Kila mtu alipata saa mbili badala ya nne.

"Nusu ya dawa," Mwalimu alisema, akivuta shuka.

"Nusu si sifuri," alisema Opereta. "Si ni wewe mwenye hesabu?"

Wale wanane walikuwa wamesikiliza vizuri, pale benchini, habari za njia ya chini ya barabara. Alhamisi asubuhi Fundi aliwakuta mlangoni pa duka, kadi za hospitali mkononi, wamepanga foleni bila kuambiwa, wa kwanza ni kondakta mstaafu ambaye tayari alikuwa akiwasogeza wenzake ndani. Watu kumi na mmoja walienea, wengine wakikaa juu ya droo. Wawili walijaribu miwani njiani na kuondoka nayo. Manispaa ilikwisha kubandika kibao kipya ukingoni mwa barabara: *Wanaopita chini wapunguze sauti.*

Duka likainamisha kichwa, likazama. Opereta, visikilizio masikioni, aliripoti kama alivyoripoti kila siku. Pikipiki nane. Mnyororo mlegevu umerekebishwa. Gari la katikati ni jipya, zito zaidi, vioo vinene. Ndani yake, dereva na miluzi yake. Fundi alizima feni.

Kwenye droo ya lenzi za kusomea alikaa mwanamke kijana, mjamzito, ambaye ilikuwa mara yake ya kwanza. Alikuwa akilitazama dari.

"Samahani, mama," akamnong'oneza Fundi. "Hivi hilo koti, likichelewa ofisini, linafanywaje?"

Fundi alimtazama dada yake, dada yake akamtazama Mwalimu. Mwalimu alifungua ukurasa mpya, akaandika swali juu, akalipigia mstari, na chini yake akaacha nafasi ya kazi. Opereta akainua kidole.

"Linapita," alisema.

Wote wakanyamaza, wamejishikilia kwenye rafu, mpaka koti likapita.